Mtoto Asiyeshinda: Miaka Hamsini ya Charlie Brown

Jumapili ya tarehe 13 Februari 2000, watu wengi nchini Marekani walifungua gazeti la asubuhi kabla ya kwenda ibadani, wakaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa katuni kama walivyozoea. Humo walikuta barua fupi ya kuaga. Mchoraji Charles M. Schulz aliwashukuru wahariri na wasomaji wake, akaeleza kwamba hawezi tena kuendelea na kazi aliyoianza mwaka 1950. Wengi walioisoma barua ile mezani walikuwa bado hawajapata habari kwamba aliyeiandika alifariki usiku wa kuamkia siku hiyo, huko Santa Rosa, California, akiwa na umri wa miaka 77. Saratani ilikuwa imegunduliwa mwilini mwake miezi michache tu kabla. Katuni ya mwisho na kifo cha mwenye katuni vilipishana kwa saa chache.

Kisa hiki tumekisikia mara kadhaa kikitumiwa mimbarani, na si ajabu. Lakini sisi tunaofundisha historia ya Kanisa tumezoea kuwaambia wanafunzi wetu wasikimbilie mahubiri kabla ya kujua kilichotokea. Basi katika insha hii tuulize kwanza swali la historia. Kwa nini watu walimpenda kwa miaka hamsini, na bado wanampenda leo, mtoto ambaye tangu mwanzo hadi mwisho hakushinda karibu kitu chochote?

Kwa msomaji ambaye hajaiona, katuni hiyo inaitwa Peanuts, yaani karanga. Wazee wetu watamkumbuka Chakubanga wa gazeti la Uhuru, na majirani zetu wa Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Ni kazi ya namna hiyo: picha chache, maneno machache, kila siku. Tofauti ni kwamba Chakubanga na Juha Kalulu ni watu wazima wenye vituko vya watu wazima, na humu kuna watoto watupu. Yuko Charlie Brown mwenye kichwa cha mviringo na shati lenye mstari uliopindapinda. Yuko Lucy mwenye maneno makali, na mdogo wake Linus asiyeachana na blanketi lake. Yuko Schroeder ambaye hana habari na mtu yeyote isipokuwa Beethoven na kinanda. Na yuko Snoopy, mbwa wa Charlie Brown, anayelala juu ya paa la kibanda chake akiota kwamba yeye ni rubani wa vita.

Sisi wenyewe tulikutana nao kwa njia ya ushirika wa makanisa. Sinodi ya Saint Paul ya Kanisa la Kilutheri la Marekani na Dayosisi ya Iringa ya KKKT zimetembea pamoja tangu miaka ya 1980 kwa jina la Bega kwa Bega, na Saint Paul ndio mji aliokulia Schulz. Wakati huo tulikuwa bado usharikani, hatujapelekwa chuoni. Wageni walikuja na sanduku la vitabu vya Shule ya Jumapili, na chini kabisa ya sanduku kulikuwa na kitabu kimoja cha katuni hizi, kona zake zimeliwa. Tulikiweka kwenye rafu ya ofisi. Tunakiri kwamba tulikidharau, tukadhani mtu fulani amekosea wakati wa kufunga mzigo.

Tulikosea, na kama Walutheri tulikosea mara mbili. Mwaka 1521, mjini Wittenberg, Lucas Cranach alitoa kijitabu cha picha zilizopangwa mbili mbili. Upande mmoja Kristo anawaosha wanafunzi miguu. Upande wa pili Papa ananyoosha mguu ubusiwe. Mtu asiyejua kusoma aliielewa hoja kwa kutazama tu. (Leo tusingethubutu, wala tusingependa, kuwachorea ndugu zetu Wakatoliki picha kama zile.) Mwaka uliofuata Agano Jipya la Luther lilitoka likiwa na michoro kutoka karakana hiyohiyo katika kitabu cha Ufunuo. Matengenezo ya Kanisa yalitembea juu ya karatasi za bei nafuu zenye picha, na anayezicheka anacheka njia iliyomfikishia babu zake wa imani habari.

Turudi Saint Paul. Schulz alizaliwa mji jirani wa Minneapolis tarehe 26 Novemba 1922. Baba yake, Carl, alikuwa kinyozi aliyezaliwa Ujerumani. Mama yake, Dena, alitoka katika ukoo wa Kinorwei. Ilikuwa familia yenye asili ya Kilutheri, kama zilivyo nyingi katika jimbo lile la Minnesota. Hakuwa na ndugu. Baba alizipenda katuni za magazeti, na mtoto akiwa bado mchanga mjomba wake alimpachika jina la utani, Sparky, kutokana na farasi wa katuni moja ya siku hizo. Jina hilo lilimkaa mpaka kaburini. Hata hivyo, alipopeleka michoro yake kwa ajili ya kitabu cha kumbukumbu cha wahitimu wa shule yake ya sekondari, ilikataliwa. Alikuja kulisimulia jambo hilo akiwa mzee na tajiri, na ni dhahiri halikuwa limepoa.

Kidonda kikubwa kilikuja mwanzoni mwa mwaka 1943. Alikuwa ameitwa jeshini, na mama yake yuko kitandani kwa saratani. Alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani, na alipomuaga ili arudi kambini, mama alimwambia kwamba pengine hawataonana tena. Hawakuonana. Kijana wa miaka 20 alimzika mama yake, akapanda treni kurudi kambini, na baadaye akapelekwa Ulaya vitani.

Aliporudi alipata kibarua cha kuandika maneno ndani ya picha za wachoraji wengine katika gazeti la katuni la Wakatoliki, kisha kazi ya kusahihisha michoro ya wanafunzi katika chuo kimoja cha Minneapolis kilichofundisha uchoraji kwa njia ya posta. Mmoja wa wafanyakazi wenzake pale aliitwa Charlie Brown, naye ndiye aliyetoa jina. Msichana mwenye nywele nyekundu, aliyefanya kazi hapohapo, ndiye Schulz aliyemposa mwaka 1950 akakataliwa. Yule binti aliolewa na mwingine. Katika katuni hiyo yuko msichana mdogo mwenye nywele nyekundu ambaye Charlie Brown anampenda na hathubutu kumsogelea. Hana jina, na katika gazeti la kila siku sura yake haikuonyeshwa, isipokuwa mara moja kama kivuli.

Peanuts ilianza tarehe 2 Oktoba 1950 katika magazeti 7. Jina hilo Schulz hakulichagua. Alilipewa na kampuni iliyosambaza katuni zake magazetini, na hakuacha kulichukia. Kampuni iliwauzia wahariri kazi yake kama kitu cha kujazia nafasi: visanduku vinne vilivyo sawa, ambavyo unaweza kuvipanga kwa mstari mmoja, au kimoja juu ya kingine, au viwili viwili, kulingana na pengo lililobaki kwenye ukurasa. Hakuna heshima kubwa katika mwanzo wa namna hiyo. Lakini udogo ule ulimfundisha mchoraji kuondoa. Aliondoa miti, magari, mapazia na umati wa watu, akabakiza mtoto mmoja, ukuta mfupi, na mstari wa nyasi. Katuni nyingine za siku zile zilijaa mapigano na mbio. Yake ilikuwa kimya, na ndani ya kimya hicho uliweza kusikia mtoto akishusha pumzi.

Picha ya kwanza kabisa inatosha kuonyesha alikokuwa akielekea. Watoto wawili wameketi kando ya njia. Charlie Brown anakuja akitabasamu, na mmoja wa wale wawili anamsifu anapokaribia, anamsifu anapopita, na akishapotea machoni anasema jinsi anavyomchukia. Basi. Hakuna anayemkemea. Msomaji wa mwaka 1950 alitarajia kuona watoto watundu wanaochekesha wazazi wao, akapewa jambo ambalo kila mtu aliyewahi kuwa mtoto analijua na hataki kulisema: kwamba watoto ni wakatili, na kwamba huzuni ya mtoto si ndogo kwa sababu mwenyewe ni mdogo.

Ukiacha mara chache mno za miaka ya mwanzo, watu wazima hawaonekani katika Peanuts. Mwalimu yupo, mama yupo, lakini wako nje ya kisanduku. Mwanzoni ilikuwa hitaji la nafasi tu, maana mtu mzima hakuenea katika picha fupi hivyo. Ila matokeo yake ni kwamba msomaji analazimika kuinama mpaka urefu wa mtoto na kukaa huko. Sisi watu wa Kanisa tunapenda kuhubiri juu ya Bwana Yesu aliyemtwaa mtoto na kumweka katikati ya wanafunzi. Tujiulize ni mara ngapi, katika sharika zetu, mtoto huwekwa katikati bila mtu mzima kusimama nyuma yake akimsahihisha. Pengine ni katika Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, tena kwa saa mbili.

Ukiwatazama watoto wale unawajua. Linus na blanketi lake ni mtoto yeyote wa kwetu anayelala ameshika pindo la kanga ya mama yake, na akinyang'anywa siku ya kuifua analia kama aliyefiwa. Lucy amefungua kibanda mfano wa genge la nyanya, ila anachouza ni ushauri kwa wenye huzuni, kwa senti tano, na ushauri wenyewe haufai kitu. Bado Charlie Brown anarudi na senti zake. Siku ya wapendanao anasubiri kadi na sanduku la posta ni tupu. Tiara yake inamezwa na mti. Timu yake ya besiboli inafungwa mwaka baada ya mwaka, na yeye ndiye nahodha. Kuna siku wachezaji wote wanaacha nafasi zao uwanjani, wanamzunguka, na kuanza kujadiliana juu ya Ayubu na sababu ya mateso ya wenye haki, kila mmoja na hoja yake, mpaka nahodha anatambua kwamba alichonacho si timu bali chuo cha theolojia. Wanafunzi wetu hucheka sana tukiwasimulia hilo. Sisi walimu tunacheka kidogo kuliko wao.

Na uko ule mpira wa Kimarekani, wenye umbo la yai. Lucy anaushika wima juu ya nyasi na kumwita Charlie Brown aje aupige. Anakimbia kwa nguvu zake zote, na dakika ya mwisho Lucy anauondoa; mtoto anaruka hewani na kuanguka chali. Schulz alichora tukio hili karibu kila mwaka, msimu wa mpira ulipofika. Kila mwaka Charlie Brown anajua. Anasema kwamba anajua. Lucy anatoa sababu mpya ya kuaminiwa, wakati mwingine hati iliyoandikwa, wakati mwingine machozi, naye anakimbia tena.

Tumesikia wahubiri wakisema kwamba hiyo ni imani. Sisi hatukubali moja kwa moja. Lucy si Mungu, na anayemwamini mwongo kwa mara ya arobaini hajawa Ibrahimu. Kama kuna jambo la imani hapo, tunaliona kwa mchoraji zaidi kuliko kwa mtoto: kwamba kwa miaka karibu hamsini hakumruhusu mtu yeyote, wala yeye mwenyewe, kuifunga hadithi ile kwa mwisho mzuri wa uongo. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka kuwa shukrani kabla hazijaisha. Ya 88 haigeuki; inakoma gizani, na Waisraeli hawakuiondoa katika kitabu chao cha sala. Watu waliofungua gazeti kila asubuhi wakiwa na deni, au mgonjwa, au ndoa inayovunjika, walimkuta humo mtu mmoja asiyewadanganya.

Krismasi ya mwaka 1965 ndiyo inayotajwa zaidi makanisani, nasi hatuwezi kuipita. Kampuni ya Coca-Cola ilitaka kudhamini kipindi cha Krismasi cha watoto hawa katika televisheni, na kilitengenezwa kwa haraka, kwa takriban nusu mwaka. Schulz na wenzake wawili, mtayarishaji Lee Mendelson na mwongozaji Bill Melendez, walifanya mambo ambayo hayakuwa ya kawaida. Walitumia sauti za watoto wa kweli. Mmoja wao alikuwa mdogo kiasi kwamba hakujua kusoma, ikabidi alishwe maneno kipande kipande. Hawakuweka vicheko vya bandia. Muziki ulikuwa jazi ya Vince Guaraldi. Na Schulz akataka Linus asimame jukwaani na kusema habari ya wachungaji wa kondeni kutoka Luka sura ya pili, kuanzia mstari wa 8 hadi wa 14, kama ilivyo, bila maelezo. Wenzake waliona hatari: Maandiko, katika katuni, katika televisheni ya biashara? Jibu la Schulz lilikuwa swali: kama sisi hatufanyi, nani atafanya?

Wakubwa wa kituo cha CBS walipokitazama hawakukipenda, walikiona kimepoa. Kikarushwa tarehe 9 Desemba 1965 kwa sababu tayari kilikuwa kwenye ratiba, na karibu nusu ya watazamaji wa televisheni Marekani usiku ule walikuwa wakikiangalia. Kimekuwa kikitazamwa kila Krismasi tangu hapo.

Katika dakika ile ya Linus kuna jambo dogo ambalo lilitupita mara ya kwanza. Mtoto huyu haachi blanketi lake kamwe. Lakini anapofika mahali malaika anapowaambia wachungaji wasiogope, mkono wake unafunguka na blanketi linaanguka sakafuni. Hakuna anayelitaja. Akimaliza anaiokota akaondoka nayo, na hapo tunampenda zaidi, maana sisi pia tunatoka ibadani na mablanketi yetu. Yeyote aliyewahi kusimamia watoto wakisema mistari yao ya moyo siku ya Krismasi anajua kimya kile cha kanisa mtoto anapoanza, kila mama akiomba kimoyomoyo asisahau. Televisheni ililetewa kimya hicho, na haikujua la kufanya nacho ila kukiacha kipite.

Mwaka uleule wa 1965 Robert Short, ambaye baadaye alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri, alichapisha kitabu kilichosoma Injili kupitia Peanuts, nacho kiliuzwa nakala mamilioni. Sifa nyingine zilifuata haraka. Mei 1969 wanaanga wa Apollo 10 walikwenda kuuzunguka mwezi katika vyombo viwili vilivyoitwa Charlie Brown na Snoopy. Hayo tunayataja tu. Kwetu lina uzito zaidi jambo lililotokea mwaka mmoja kabla.

Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa mjini Memphis. Siku kumi na moja baadaye mwalimu mmoja wa Los Angeles, Harriet Glickman, mwanamke mzungu, alimwandikia Schulz kumwomba aingize mtoto mweusi kati ya watoto wake. Schulz alijibu kwamba angependa, lakini anaogopa ataonekana kuwadharau Wamarekani weusi kwa kuwahurumia. Mama yule hakukata tamaa. Aliwaomba marafiki zake weusi wamwandikie mchoraji wenyewe. Tarehe 31 Julai 1968 Charlie Brown alikuwa ufukweni, mpira wake umepotea majini, na mtoto aliyemrudishia aliitwa Franklin. Walijenga pamoja ngome ya mchanga. Baba yake Franklin, tuliambiwa, yuko vitani Vietnam.

Baadaye Franklin alipochorwa darasani pamoja na watoto wazungu, mhariri mmoja wa Kusini aliandika kulalamika, na kampuni nayo ikasita juu ya Franklin. Schulz alimwambia mkuu wa kampuni kwamba wachapishe kama alivyochora au yeye ataacha kazi. Tunamheshimu kwa hilo. Papo hapo tuseme la pili: Franklin hakupewa kasoro. Watoto wengine wote wana kichaa chao, mwenye blanketi, mwenye hasira, mwenye uchafu. Franklin ni mpole, ana akili, hana neno. Na katika kipindi cha sikukuu ya shukrani cha mwaka 1973 amekaa peke yake upande mmoja wa meza, wenzake wote wako upande wa pili. Kumkaribisha mtu mezani ni jambo moja. Kumzoea kiasi cha kumruhusu awe na makosa kama wewe ni jambo jingine, na Kanisa lililowahi kupokea wageni, au kupokewa kama mgeni, linaijua tofauti hiyo.

Sasa tufike mahali pagumu. Schulz alikuwa Mkristo wa namna gani? Baada ya vita alijiunga na Church of God, lile lenye makao yake Anderson, Indiana, akawa mshiriki hodari, akachora pia katuni za vijana wa kanisa kwa ajili ya gazeti lao. Alipohamia California alifundisha darasa la Biblia la watu wazima katika kanisa la Methodisti la Sebastopol. Kisha akaacha kwenda. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1989 alijieleza kuwa mtu anayeamini utu bila kujifunga kwa dini. Waandishi wengi wa Kikristo huliruka sentensi hilo, na wasio wa dini huanzia hapohapo na kusahau yaliyotangulia. Sisi hatuoni ruhusa ya kufanya lolote kati ya hayo. Aliyeweka Luka 2 mbele ya taifa zima mwaka 1965 ni mtu yuleyule. Aliendelea kuichora Biblia katika visanduku vyake baada ya kuacha kukaa kwenye viti vya kanisa, na hatujui tumwite nani. Wengi wetu tuna watoto wa aina hiyo majumbani: waliobatizwa, waliofundishwa Katekisimo, wanaoikumbuka mistari, wasioonekana.

Alifanya kazi ile peke yake. Hakuwa na msaidizi wa kuchora wala wa kuandika maneno, na picha alizoacha ni 17,897. Baada ya upasuaji wa moyo mwaka 1981 mkono ulianza kutetemeka, na ukitazama kazi za miaka ya mwisho unaiona mistari ikitikisika, hakuificha. Familia yake haikutaka mwingine aendelee baada yake, na hakuna aliyeendelea. Mwishoni ilikuwa ikisomwa katika magazeti yapatayo 2,600, katika nchi 75. Mwaka 1999, mara ya mwisho ya ule mpira, Lucy anaitwa na mama yake aingie ndani, anamwachia mdogo wake mwingine, Rerun, auondoe badala yake. Anaporudi kuuliza kilichotokea, mtoto anamwambia kwamba hatajua kamwe. Nasi hatujui.

Tumebakiwa na kisa kimoja, nacho ni chetu. Mwaka ule wa sanduku la vitabu, matokeo ya darasa la saba yalipotoka, tuliwaita mbele ya madhabahu watoto waliochaguliwa kwenda sekondari. Wazee wa kanisa waliwapa madaftari na kalamu, kwaya ikaimba, akina mama wakapiga vigelegele. Waliobaki kwenye viti walikuwa sita. Hatukuwaita, wala hatukusema neno juu yao. Tulidhani tunawasitiri.

Mmoja wa wale sita alikuwa katika darasa letu la Kipaimara. Hakuonekana kwa Jumapili tatu. Jumamosi moja mama yake alimtuma kurudisha ufunguo wa jiko la usharika, na tulipoingia ofisini tulimkuta amesimama kwenye rafu, kitabu cha katuni mkononi.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba. Hujambo?"

Alisema hajambo, kisha akageuza kitabu tukione. Kiingereza hakukijua, lakini picha zilimtosha. Alikuwa ameweka vidole vitatu katika kurasa tatu, na katika zote tatu mtoto mwenye kichwa cha mviringo alikuwa hewani, anaanguka.

"Anaupiga lini huu mpira?"

"Haupigi."

"Hata mwisho wa kitabu?"

"Hata mwisho wa kitabu."

Alitazama picha kwa muda. "Sasa kwa nini wamemchora yeye?"

Haya yote tuliyoyaandika hapa hatukuwa nayo siku ile, na hata tungekuwa nayo yasingemfaa mtoto wa miaka kumi na minne aliyesimama na ufunguo. Tulimwambia hatujui, ila aliyemchora alimpenda sana. Alitikisa kichwa, hatukuelewa kama ni kukubali au kukataa.

Mwaka uliofuata tuliwaita mbele watoto wote waliofanya mtihani, tukawapa madaftari wote. Wazee wawili walipinga katika kikao, wakisema waliofaulu watavunjika moyo na wavivu watajisifu, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Tulijadiliana mpaka taa zikawashwa. Yule kijana alikuwa tayari amekwenda kujifunza useremala kwa mjomba wake. Siku ile ya ufunguo alituomba kitabu, tukamwandika kwenye daftari la maktaba, jina lake na tarehe. Hakukirudisha, na hatukumdai.